Riwaya za vijana: nilizozipenda na nilizozinunia

Wiki kadhaa nimekuwa kimya hapa kijiweni, na wapo walioniuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa nasoma. Tena nilikuwa nasoma vitabu ambavyo mtu wa umri wangu, mwenye shahada yake na kitambulisho cha kazi shingoni, haoni fahari kuvifungua ndani ya daladala: riwaya za Kimarekani zinazowahusu watoto wa miaka kumi na sita.

Ilianza kwa bahati tu. Pale Posta kuna jamaa anatandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara, mimi ni mteja wake tangu niko chuo. Siku hiyo alikuwa na fungu la vitabu vitano vyenye majalada ya rangi kali. "Mwandishi, chukua vyote elfu kumi na tano. Vya watoto hivi, haviendi." Nikachukua. Nilitaka kumpa mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, anasoma bweni mkoani na alikuwa anakuja Dar likizo. Nikasema nivipitie kwanza nione kama havina mambo yasiyofaa. Ndiyo ukaguzi ulioniponza.

Nikiri mapema kwamba sikuwahi kusoma vitabu vya namna hii nilipokuwa na umri wa kuvisoma. Sisi kidato cha tatu na cha nne tulikuwa na vile vya mtihani: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Si vitabu vibaya hata kidogo. Lakini tulivisoma kama wakaguzi wa mizigo bandarini, unafungua, unatafuta dhamira, unatafuta ujumbe, unatafuta mbinu za kisanaa, unafunga. Kitabu kikiisha una orodha. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza kama kuna mahali tulilia. Kwa hiyo haya mambo ya kukaa kitandani saa saba usiku unamhurumia mtoto asiyekuwepo nimeyaanza uzeeni.

Nianze na chepesi. "To All the Boys I've Loved Before" cha Jenny Han, cha mwaka 2014, nilikimaliza kwa safari nne za Mbagala. Binti anaitwa Lara Jean, anaandika barua za mapenzi asizokusudia kuzituma, siku moja zote zinawafikia wahusika. Kilichonifurahisha ni nyumba yao: mama Mkorea ameshafariki, baba anahangaika na mabinti watatu, na mkubwa anapoondoka kwenda chuo Uskoti, huyu wa katikati inabidi ashike usukani wa nyumba. Dada wakubwa wa kwetu wataijua hiyo hali bila kuelezwa. Mapenzi yenyewe? Maziwa na sukari. Nimemaliza, nimetabasamu, nimesahau jina la kijana. Twende mbele.

"The Fault in Our Stars" cha John Green (2012) ndicho kila mtu alikuwa ameniambia nitalia. Nimelia, lakini si pale walipopanga wao nilie. Hazel ana saratani ya tezi la shingo iliyoshuka kwenye mapafu, anatembea na mtungi wa oksijeni. Anampenda Augustus, kijana aliyekatwa mguu kwa saratani ya mifupa, wanasafiri kutoka Indianapolis hadi Amsterdam kumtafuta mwandishi wa kitabu wanachokipenda. Green aliwahi kufanya kazi kama mwanafunzi wa uchungaji katika hospitali ya watoto, na inaonekana: anajua kwamba mgonjwa anachoshwa na kuonewa huruma kuliko anavyochoshwa na sindano.

Kinachonikera ni maneno. Hawa watoto hawaongei, wanatoa mihadhara. Augustus anaweka sigara mdomoni bila kuiwasha, halafu anakueleza kwamba ile ni sitiari. Jamani! Nimesoma shahada ya kwanza pamoja na watu waliokariri istilahi zote za fasihi na sijawahi kumsikia mmoja akiitumia kutongozea. (Naam, najua, labda ndiyo sababu wengi wetu tulimaliza chuo tukiwa peke yetu.) Na kile kipande cha kubusiana ndani ya nyumba ya Anne Frank, watalii wanasimama na kupiga makofi! Nilifunga kitabu, nikaenda kunywa maji. Ile ni nyumba ambayo mtoto alijificha asiuawe.

Lakini yuko mama. Zamani, Hazel akiwa mahututi, alimsikia mama yake akilia kwamba hatakuwa mama tena. Neno hilo limemkaa binti moyoni kuliko uvimbe, anaamini siku akifa anakufa na wazazi wake. Kumbe mama amekuwa akisoma kwa siri, anachukua shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, na alificha ili binti asidhani kwamba anajiandaa na maisha ya baada yake. Hazel anapogundua hakasiriki, anafurahi! Hapo ndipo nilipolia. Nilimkumbuka mama yangu mwenyewe na vile vikoba vyake ambavyo hatukujua kuwa vipo hadi siku ada ya mwaka wa kwanza chuo ilipotakiwa.

Cha Sherman Alexie kina jina refu kama treni ya mizigo: "The Absolutely True Diary of a Part-Time Indian". Kilitoka 2007 na mwaka huohuo kikashinda National Book Award ya Marekani kwa vitabu vya vijana. Arnold, au Junior, anaishi katika eneo walilotengewa Wahindi Wekundu wa Spokane, jimbo la Washington. Siku ya kwanza ya jiometria anafungua kitabu cha kiada na kukuta jina la mama yake limeandikwa ndani. Yaani shule inafundishia kitabu kilekile alichosomea mama. Anakirusha kwa hasira, kinampiga mwalimu usoni, na mwalimu huyohuyo baadaye anakuja kumwambia: hama hapa. Basi anahamia shule ya Wazungu, maili 22 kutoka kwao, kama kilomita 35, na siku ambazo baba hana hela ya mafuta anatembea au anaomba lifti.

Hiki nimekipenda kwa sababu umaskini wake una hesabu. Waandishi wengi wakiandika umaskini wanaandika huzuni tu, Alexie anaandika kimebaki nini mfukoni na kinafika wapi. Na kuna mechi ya mpira wa kikapu ambayo sitaisahau. Junior na shule yake mpya wanawafunga vibaya wenzake wa zamani, anashangilia kama mwendawazimu, halafu anawatazama waliofungwa na kukumbuka kuwa baadhi yao huenda hawakunywa chai asubuhi ile. Ushindi unageuka aibu papo hapo. Mtu yeyote aliyetoka shule ya kata akapata nafasi shule kubwa na kurudi mtaani likizo anajua ninachosema.

Nisichokipenda ni misiba. Bibi, rafiki wa baba, dada, wote ndani ya mwaka mmoja wa shule. Najua misiba haipangi foleni, lakini kufika wa tatu nilianza kuiona mikono ya mwandishi. Na mwandishi mwenyewe ana lake: mwaka 2018 wanawake kadhaa walimtuhumu kwa mwenendo mbaya, naye akatoa taarifa akikiri kuwa ameumiza watu na kuomba radhi. Nilijua hilo kabla sijaanza kusoma. Sikukirudisha kitabu kwa yule jamaa wa Posta, lakini sikukisoma kwa amani pia.

Sasa nije kwenye viwili vilivyoninyima usingizi.

"The Hate U Give" cha Angie Thomas kilitoka mwaka 2017, filamu yake ikafuata 2018. Thomas ni mzaliwa wa Jackson, Mississippi, na hadithi aliianza akiwa chuo, baada ya Oscar Grant kupigwa risasi na polisi kituo cha treni mjini Oakland, usiku wa kuamkia mwaka 2009. Starr ana miaka kumi na sita, anaishi mtaa wa watu weusi, anasoma shule ya kulipia iliyojaa Wazungu, na ana lafudhi mbili, moja ya kila upande. Usiku mmoja anarudi na rafiki yake wa utotoni, Khalil. Polisi anawasimamisha. Khalil hana silaha, polisi anampiga risasi, na silaha aliyodhani ameiona garini ni brashi ya nywele. Shahidi ni Starr peke yake.

Mwanzoni nilisoma kama mwandishi wa habari, nikajiona mjanja. Vyombo vya habari vya mle kitabuni vinamwita Khalil muuza dawa za kulevya, baba wa yule polisi anapewa nafasi kwenye televisheni kumsifia mwanawe, nami nikawa natikisa kichwa, waandishi wa Marekani hawa! Kufika katikati nikaacha kutikisa.

Miaka miwili iliyopita nilitumwa kufuatilia tukio kwenye mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji. Kijana alikuwa amepigwa na kundi la watu hadi kufa, asubuhi tu, watoto wakienda shule. Nikapata kauli ya polisi, nikapata kauli ya mjumbe, nikaandika. Sentensi ya kwanza mnaijua hata bila kuisoma: kijana mmoja anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka ishirini na anayedhaniwa kuwa kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hiyo sentensi mwandishi wa Bongo anaiandika amefumba macho. "Anayedhaniwa" inakukinga wewe na mahakama, na "hasira kali" inawakinga wao.

Nilichoacha ni hiki. Nilipokuwa naondoka, kwenye bomba la maji alisimama binti wa sare, ndoo chini. Akasema bila kuniangalia, "Kaka, ile simu ni yangu. Alikuwa ananirudishia." Nikamuuliza jina, akakataa. Nikamuuliza kama atayasema hayo kwa mtu mwingine, akabeba ndoo. Saa kumi nilitakiwa niwe nimetuma habari, dawati lilikuwa na nafasi ya aya nne, na binti asiye na jina si chanzo. Sikumwandika. Sikurudi pia, na hilo la kutorudi halina mhariri wa kulaumiwa.

Angie Thomas anatumia zaidi ya nusu ya kitabu chenye kurasa mia nne na ushee kumfikisha Starr mahali pa kusema hadharani. Anakaa kimya kwa wenzake shuleni, kwa mpenzi wake, anaogopa polisi, anaogopa wahuni wa mtaani, anaogopa kujisikia msaliti. Hata anapohojiwa kwenye televisheni mara ya kwanza, uso wake unafichwa. Mimi nilimpa yule binti dakika tano na ndoo ikiwa imejaa. Kwa hiyo wanaosema kitabu hiki ni kirefu mno wananisamehe, mimi urefu wake ndio ulionishika shingo.

Kasoro zipo. Mpenzi wa Starr, kijana wa Kizungu anayeitwa Chris, ni mwema mpaka anakosa mwili, kama malaika aliyevaa raba. Na mwishoni yule bosi wa genge anashughulikiwa kirahisi sana: mtaa mzima uliomwogopa miaka yote unapata ujasiri kwa usiku mmoja. Natamani ingekuwa hivyo. Baba yake Starr lakini, Maverick, mwenye duka, aliyewahi kuwa kwenye genge na kufungwa jela, huyo nampa maua yake yote. Sijakutana na baba wa namna hiyo kwenye kitabu chochote nilichofanyia mtihani.

Kilichobaki ni "Thirteen Reasons Why" cha Jay Asher, cha mwaka 2007. Hiki nilikichukia. Niseme kwanza kwa nini, halafu niseme kilichotokea.

Hannah Baker amejiua. Kabla ya hapo amerekodi kaseti saba, kila upande unamhusu mtu mmoja aliyechangia, na kila mtu lazima asikilize zote na kumpelekea anayefuata. Tunazisikiliza pamoja na Clay, kijana mpole aliyempenda, anayezunguka mji usiku kucha na vifaa vya kusikilizia masikioni.

Tulipokuwa kidato cha tano, mwenzetu mmoja wa bwenini alijiua. Asubuhi kwenye mstari tulitangaziwa kwamba ameugua ghafla, na tukaambiwa asiwepo wa kulizungumza. Hakuacha barua wala kanda. Mimi nilikuwa na deni lake la shilingi elfu mbili ya chipsi. Miaka miwili iliyobaki tuliishi bweni lile kila mmoja na sababu yake kichwani: matokeo ya jaribio, baba wa kambo, msichana fulani, kejeli za meza ya chakula. Sababu yangu ilikuwa kwamba jioni ile aliniita nikasema nakuja.

Sasa Asher ananiletea marehemu mwenye sauti nzuri, mcheshi, anayegawa lawama kumi na tatu kama mhasibu anayegawa ankara, halafu kila mdaiwa analipa kwa majuto. Ni kama vile Hannah bado yupo, amekaa pembeni anawaangalia. Hapo ndipo ninaponuna. Aliyekufa haoni mtu akijuta. Mtoto mwenye maumivu anaweza kukifunga kitabu hiki akiamini kwamba kifo ni namna ya kusikilizwa. Tamthilia yake ilipotoka Netflix mwaka 2017 walalamikaji walikuwa wengi, na Julai 2019 Netflix wenyewe wakaondoa kipande cha kifo chake.

Nilikuwa nimeshapata hoja nzuri ya kumalizia, ya Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alishaandika mwaka 1971 juu ya binti wa Ukerewe anayeishia kujiua, kitabu kikapigwa marufuku kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Na Kezilahabi naye anawapa wafu nafasi ya kusema, lakini Zakaria, yule baba mkali, yupo palepale mbele ya Mungu pamoja na bintiye, na anajibu. Kwa Asher wanaotuhumiwa hawana pa kujibia, kaseti haisikilizi. Nilikuwa nimeridhika na hoja hiyo, nikakificha kitabu chini ya godoro ili mdogo wangu asikione.

Alikipata siku ya pili ya likizo. Alikimaliza kwa siku mbili, akaja uani nikiwa nafua.

"Kaka, kwani dalili zile ni za kweli?"

Nikaanza somo. Nikamweleza kasoro za kitabu, Rosa Mistika, Netflix, majuto. Akanisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Sijakuuliza dhamira, kaka. Nimeuliza zile dalili darasani kwao. Mtu kugawa vitu vyake."

Kuna mwenzake wa bwenini. Siku ya kufunga shule alimpa sweta lake, kamusi yake na sanduku la bati lenye kufuli, akamwambia hatavihitaji tena. Mdogo wangu alidhani anahama shule. Sanduku lilikuwa pale sebuleni, tumeliwekea feni juu.

Sikumaliza kufua. Tulimweleza mama, mama akatafuta namba ya shangazi anayemlea yule binti, akatoka na simu nje ya geti na kuongea karibu nusu saa. Aliporudi alisema shangazi alinyamaza muda mrefu, halafu akamwambia kwamba na yeye alikuwa ameona kitu, ila hakujua aanzie wapi. Siku iliyofuata binti alipelekwa hospitali. Amezungumza. Anaendelea na dawa na ushauri, shule amepewa ruhusa ya muhula mmoja, na juzi alimpigia mdogo wangu simu kuuliza kama sweta lake limefuliwa. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane, na hili nimeliandika kwa ruhusa yao wote wawili.)

Riwaya yenyewe bado siipendi. Nimeirudia wikiendi hii kwa kalamu mkononi, na yale yaliyonikera yako palepale. Ila kipo kipande cha mwisho kabisa ambacho mara ya kwanza nilikipita haraka kwa hasira: Clay anamwona Skye kwenye korido, msichana aliyejitenga na kila mtu, naye anamfuata na kumwita jina. Basi, kitabu kinaisha hapo. Nimekisoma kipande hicho mara nne.

Mdogo wangu amerudi shule Jumapili. Ameondoka na Angie Thomas na Jenny Han, Alexie amesema atamchukua likizo ijayo. Cha Asher alitaka kukibeba nikakataa, tukabishana hadi stendi, mwishowe tumekubaliana nakipeleka mwenyewe siku ya wazazi nimkabidhi matroni mkononi, maana ameomba akisome. Na Jumamosi nina siku ya mapumziko. Ule mtaa wa pembezoni bado naukumbuka njia yake, na bomba la maji liko karibu na kinu cha kusaga.